Ukungu wa Davos

Juni 2016, Jean-Claude Juncker, Rais wa Kamisheni ya Ulaya, alisimama Athens mbele ya wenye viwanda wa Ugiriki akawaeleza kwa nini bara lao linayumba. Wakimbizi wa Syria walikuwa wamevuka bahari kwa maboti, magaidi walikuwa wameshambulia Paris na Brussels, na Uingereza ilikuwa imebakiza siku mbili tatu ipige kura ya kujitoa katika Umoja. Mambo haya, alisema, yamekuja kwa wakati mmoja na yanalishana. Kisha akalitaja jina la hali hiyo, akiwakumbusha wenyeji wake kwamba ni jina la Kigiriki: polikraisisi.

Ni adabu njema kumpa mwenyeji neno la lugha yake. Lakini tazama nani alikuwa akisema, na alikuwa akisemea wapi. Kuanzia 2005 hadi mwanzoni mwa 2013, Juncker ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Eurogroup, kikao cha mawaziri wa fedha wa nchi zinazotumia yuro. Katika kikao hicho ndimo zilimopita fedha za kuiokoa Ugiriki mwaka 2010 na 2012, pamoja na masharti yake: pensheni zikatwe, mishahara ya umma ipunguzwe, mali ya serikali iuzwe. Kufika 2013, zaidi ya robo ya Wagiriki waliokuwa wakitafuta kazi hawakuipata. Julai 2015 wakapiga kura, asilimia 61 wakayakataa masharti mapya. Mwezi uliofuata mkopo wa tatu ukapita, masharti yakapita nao, na safari hii Juncker alikuwa tayari amekalia kiti cha Kamisheni. Mwaka haujaisha, anatua Athens kuwaambia kwamba migogoro imewafikia mingi kwa mpigo, kana kwamba ni wageni wasiojulikana walikotoka.

Ugomvi wangu na neno hili unaanzia hapo.

Juncker hakulitunga. Mwanafikra wa Kifaransa Edgar Morin na mwenzake Anne Brigitte Kern waliliandika katika kitabu chao Terre-Patrie mwaka 1993, likalala kwa miaka mingi katika vitabu vya wasomi. Oktoba 2022 Adam Tooze, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Columbia, akaliandikia safu katika Financial Times. Januari 2023 likawa gumzo la Davos, Uswisi, ambako Jukwaa la Uchumi la Dunia lilikuwa limelitia katika ripoti yake ya mwaka kuhusu hatari zinazoikabili dunia. Tangu hapo limeteremka hadi kwetu, katika semina za hotelini na maandiko ya kuombea ufadhili. Mawaziri wetu wa fedha hawalitamki sana, ila falsafa yake wameihifadhi kwa moyo. Kila Juni bajeti hufunguliwa kwa utenzi uleule: UVIKO-19, vita vya Ukraine, mabadiliko ya tabianchi, mtikisiko wa uchumi wa dunia. Utenzi ukiisha, inasomwa orodha ya kodi.

Fikra inayotawala ni hii. Dunia, tunaambiwa, imefika mahali ambapo haijawahi kufika. Tabianchi, maradhi, vita, madeni, chakula na uhamiaji vimesukana kiasi kwamba huwezi kugusa kimoja usitikise kingine. Hakuna chanzo kimoja, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa hasa, na anayeuliza "nani?" anaonekana mshamba asiyeelewa mifumo. Kinachohitajika ni ustahimilivu. Ustahimilivu, yaani uzoee.

Nasema fikra hii ina kosa, na kosa lenyewe lina watu linaowafaa. Misiba ya dunia imefungwa pamoja, sikatai. Waliofunga wana majina na vyeo, na siku waliyofunga ina tarehe.

Kabla sijaendelea, nimpe Tooze haki yake, maana hoja yake ni nzito kuliko ya wafuasi wake. Anachosema ni kwamba mishtuko ya aina mbalimbali ikikutana, uzito wake huzidi jumla ya mishtuko yenyewe. Hilo ni kweli. Ukame peke yake hauiangushi shilingi, na bei ya ngano peke yake haiwaingizi vijana Bungeni. Wala sijiungi na Niall Ferguson, mwanahistoria mwingine, aliyelicheka neno hili kule kule Davos akisema hayo yote ni historia tu inayotokea. Hicho ni kicheko cha mtu aliyeshiba. Ninachobishia ni ukimya unaofuata baada ya kusemwa kwamba mishtuko imekutana. Imekutania wapi? Nani aliielekeza pale? Hapo mazungumzo huishia, watu wakaenda kunywa chai.

Chukua Kenya ya 2022 hadi 2024, kwa sababu kama kuna nchi iliyostahili kuitwa kwa jina hilo ni hiyo. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi ya 2022, na kaskazini, kuanzia Turkana hadi Wajir, mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, nchi mbili ambazo Kenya ilikuwa ikinunua kwao sehemu kubwa ya ngano yake. Katikati ya mwaka huo pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ikapita shilingi 200. Washington, Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, na shilingi iliyokuwa 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 ikafika 160 Januari 2024. Na mbele kulikuwa na Yurobondi, yaani hatifungani iliyouzwa kwa wakopeshaji wa nje, ya dola bilioni 2 inayokomaa Juni 2024. Mtaalamu wa polikraisisi anatazama hapo anaona fundo. Mimi naona karatasi, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni hiyo Yurobondi. Iliuzwa 2014 kwa riba ya asilimia 6.875, kwa dola, na mtaji wote ulipwe kwa mkupuo mmoja baada ya miaka kumi. Hakuna sheria ya maumbile inayolazimisha nchi inayokusanya kodi kwa shilingi ikope kwa dola, wala inayosema deni lote likomae siku moja. Ni uamuzi, na siku ulipofanyika ulishangiliwa na benki zilizoisimamia biashara hiyo kwa ujira. Februari 2024, ili kununua sehemu kubwa ya deni hilo kabla halijakomaa, Kenya ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75.

Ya pili ni mkataba wa mkopo wa reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, uliosainiwa na Benki ya Exim ya China mwaka 2014. Karibu nusu ya fedha hizo, dola bilioni 1.6 hivi, ulikuwa mkopo wa kibiashara ambao riba yake haikuwekwa kiwango kimoja. Iliandikwa kuwa ni riba ya soko la London, iliyoitwa Libor, kisha juu yake iongezwe asilimia 3.6. Soma tena kifungu hicho, kwa sababu ndicho kinachoitwa mfungamano wa dunia. Mwaka 2021 Libor ilikuwa karibu na sifuri, mkopo ukadai chini ya asilimia 4. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 ili kutuliza bei za maduka ya Ohio na Texas. Libor ikapanda nayo, na mkopo wa reli iliyojengwa na Wachina katika ardhi ya Kenya ukawa unadai karibu asilimia 9. Mama muuza maandazi wa Mtito Andei hana uhusiano wa kimaumbile na bei ya mayai Ohio. Uhusiano wao ulichapwa kwa mashine, ukasomwa na wanasheria wa pande mbili na kutiwa saini.

Ya tatu ni Muswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346 za ziada: kodi ya mkate, ya mafuta ya kupikia, ya gari kwa thamani yake kila mwaka, tozo ya mazingira iliyogusa hadi nepi za watoto. Mkate na magari viliondolewa dakika za mwisho, lakini watu walikuwa wamekwisha kusoma. Jumatatu tarehe 24 Juni ndiyo siku iliyokuwa imeandikwa katika Yurobondi ile ya 2014. Jumanne tarehe 25 vijana wakaingia Bungeni, na Jumatano Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada. Makumi ya watu walikuwa wameuawa au wangeuawa katika wiki zile. Sidai kwamba tarehe moja ilizaa nyingine usiku mmoja. Nasema vijana wale, waliojinasibu kuwa hawana kabila, hawana chama na hawana woga, hawakuandamana dhidi ya hali tata ya dunia. Walibeba namba za vifungu vya muswada.

Nitaambiwa: na ukame je, nao ulitiwa saini? Wanasayansi wa World Weather Attribution walichunguza ukame ule na kutoa matokeo Aprili 2023: joto lililoletwa na binadamu liliongeza uwezekano wake angalau mara 100. Afrika nzima inatoa asilimia 4 hivi ya hewa ya ukaa ya dunia. Hata mbingu, basi, ina mkono ndani yake, ingawa ni mkono wa wengi na wa miaka mingi. Kusema hivyo ni tofauti kabisa na kusema hauna mwenyewe.

Au linganisha jambo dogo. Vita vya Ukraine ni vilevile, na meli za mafuta zinapita bahari ileile kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Juni 2022 serikali ya Tanzania ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali ya mafuta. Kenya, iliyokuwa na ruzuku yake, iliiondoa ile ya petroli Septemba 2022, na Julai 2023 ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Sisemi nani alipatia. Ruzuku nayo hulipwa na mtu. Nasema palikuwa na njia zaidi ya moja, na serikali zilichagua.

Waswahili husema kifo cha wengi harusi, na nadhani hiyo ndiyo faraja kubwa inayouzwa na neno hili: tumekufa sote, tulie pamoja, tusitafutane. Tatizo ni kwamba mwaka 2022 harusi ilikuwepo kwelikweli, yenye ngoma na pilau. ExxonMobil ilipata faida ya dola bilioni 55.7, kubwa kuliko zote katika historia yake. Shell ilipata karibu bilioni 40, nayo ikavunja rekodi yake. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2021, Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa mgawo wa akiba wenye thamani ya dola bilioni 650 ili nchi zipumue baada ya UVIKO, na Afrika yote, nchi zaidi ya hamsini, ikapata kama bilioni 33. Mgawo unafuata hisa za kila nchi katika Shirika, na hisa hazikuota mwituni.

Halafu kuna hili la kwamba jambo lenyewe ni jipya. Anayesema hivyo ameanza kuhesabu historia siku msukosuko ulipogonga mlango wake. Sotoka iliingia Afrika Mashariki kupitia Massawa, Eritrea, mwishoni mwa miaka ya 1880, na inaaminika ilikuja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ethiopia ikaingia katika njaa kuu kuanzia 1888. Kufika 1891 ugonjwa ulikuwa umefagia Umasaini. Kufika 1896 ulikuwa ng'ambo ya mto Zambezi. Wamasai, ambao ng'ombe wao walikuwa wamekwisha kupungua kwa homa ya mapafu, walikosa maziwa, kisha ndui ikawakuta wakiwa na njaa. Kipindi kile wanakiita Emutai. Msafiri wa Kiaustria Oscar Baumann alipita huko miaka hiyo akaandika juu ya watu waliobaki mifupa, wakiomba chochote nje ya kambi yake. Nzige walikuja. Funza, aliyeshuka na meli Angola mwaka 1872, alivuka bara zima kwa miguu ya watu akafika hadi pwani yetu. Malisho yaliyokosa ng'ombe yakaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakawazuia ng'ombe kurudi. Na wakati huohuo Wajerumani walikuwa wakipiga vita, kutoka kwa Abushiri wa Pangani hadi kwa Mkwawa wa Uhehe, na mwaka 1898 wakaanza kudai kodi ya nyumba.

Kama kuna kizazi kilichostahili neno la Davos ni kile. Lakini tazama kilichofuata, maana ndicho kinachofichwa na neno hilo. Kati ya 1897 na 1900 njaa na ndui viliwaua na kuwahamisha watu Ukambani na kusini mwa Ugikuyu. Wazungu walipoanza kupewa mashamba Kiambu miaka michache baadaye, waliikuta ardhi ambayo wenyewe wamekufa au wamekimbilia kwa jamaa zao, wakaiita tupu. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 ikaipa hiyo "tupu" nguvu ya kisheria. Sotoka, njaa na ndui vilikutana, naam. Vilikutania kwenye hati ya shamba, yenye mhuri na jina la mmiliki. Wajukuu wa waliokimbia njaa wamelitafuta jina hilo zaidi ya karne.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote dhidi yangu halijaandikwa Davos, linatoka kwetu. Ni hili: ukianza kutafuta mikono utakamata isiyohusika. Nalikubali, kwa sababu Tanzania ililionja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Idi Amin akavamia Kagera Oktoba 1978, vita vikagharimu dola milioni mia kadhaa, na kabla risasi hazijanyamaza bei ya mafuta ikapanda kwa mara ya pili katika muongo mmoja. Wananchi wakaambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikawa miaka. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na waliosombwa wengi walikuwa wenye maduka waliokutwa na sabuni, sukari na kanga chini ya kitanda. Bidhaa zilikuwa adimu kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni, na mwenye duka wa Kariakoo hakuimalizia Benki Kuu akiba yake.

Hata hivyo, somo la 1983 kwangu si kwamba tusitafute. Ni kwamba walitafuta kwa tochi sakafuni wakati majalada yalikuwa mezani. Mwalimu Nyerere alikuwa ameonyesha njia nyingine Januari 1980, alipowauliza mabalozi mbele yao ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia. Hilo lilikuwa swali lenye anwani. Kasoro ya Mwalimu ni kwamba aliitaja mikono ya wengine upesi kuliko wa kwake. Operesheni Vijiji, iliyowahamisha mamilioni ya wakulima kati ya 1973 na 1976 huku ukame ukipiga, nayo ilikuwa amri ya serikali, na kilimo kiliilipia.

Lakini mfano unaonishawishi zaidi uko Goma, mashariki mwa Kongo. Ukitaka kumfundisha mtu maana ya majanga mengi kwa pamoja, mpeleke huko: mlima wa moto Nyiragongo ulioumwagia mji lava 2002 na tena Mei 2021, Ebola iliyofika 2019, kipindupindu, wakimbizi, na waasi wa M23 walioingia mji huo Novemba 2012 na kuuteka tena Januari 2025. Volkano, angalau, haina wa kushtakiwa. Ndivyo ungedhani. Lakini wataalamu wa kituo cha kuichunguza volkano hiyo walikuwa wamelalamika kwamba ufadhili wa nje uliowasaidia ulikwisha mwaka uliotangulia, na vifaa vyao vya kutuma taarifa vilikuwa vimezimika kwa miezi. Moto ulitoka ardhini wenyewe. Kutoonywa kwa watu kulipitia ofisini. Na kama hata lava ina sehemu yake ya ofisini, vita vya kugombea njia za madini ya koltani kutoka Rubaya vina sehemu ngapi? Mwenye silaha, mwenye lori na mnunuzi wa madini wote wananufaika pale vita vyao vinapowekwa kapu moja na mlima.

Watetezi wa neno watasema kujua aliyetia saini hakusaidii, kwa kuwa saini haifutiki. Mwaka 2021 wanaharakati wawili wa Kenya waliona vingine, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa kudai nakala za mikataba ya SGR. Serikali ilishikilia kwamba ni siri. Mei 2022 mahakama ikaamua kwamba wananchi wana haki ya kuiona, na Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi akaweka baadhi ya mikataba hadharani. Ndipo yeyote mwenye simu alipoweza kusoma kwa macho yake Libor na asilimia 3.6, na kwamba mabishano yakitokea yatasuluhishwa Beijing. Alisoma pia kwamba mkopaji haruhusiwi kumwonyesha mtu mwingine mkataba bila ridhaa ya mkopeshaji, kifungu ambacho kwa miaka minane kilifanya kazi yake barabara kuliko reli yenyewe.